Uyoga dawa wa Asia: lingzhi, fuling, kiwavi na wenzake. Gramu, namna ya kuchemsha na jinsi unavyochakachuliwa (uzi mrefu)

ChunguChaUdongo #1

Wakuu, salaam.

Matangazo ya "uyoga wa Kichina unaotibu kila kitu" yamezidi, na anayeuliza kipimo hujibiwa "kijiko asubuhi, kijiko jioni". Dawa hizi zina vitabu vyake. Zina sehemu inayotumika na isiyotumika, zina gramu, na zina namna ya kupikwa. Ukikosea kimoja kati ya hivyo unakunywa maji ya kahawia tu, au unajiumiza. Naanza na lingzhi, wenye ujuzi wa mingine waendeleze.

Lingzhi ndio ule Wajapani wanaouita reishi. Umo kwenye Shennong Bencao Jing, kitabu cha kale cha China chenye dawa 365, katika daraja la juu, na humo umegawanywa kwa rangi sita. Famakopia ya China ya sasa, yaani kitabu rasmi cha viwango vya dawa, inakubali aina mbili tu: mwekundu na wa zambarau (Ganoderma sinense). Mwekundu uliandikwa kwa miaka mingi Ganoderma lucidum, jina ambalo kiasili ni la uyoga wa Ulaya. Mwaka 2012 watafiti wakaupa wa China jina lake, Ganoderma lingzhi. Kwa hiyo ukiona pakiti imeandikwa lucidum, usikimbilie kusema ni feki.

Kipimo rasmi ni gramu 6 hadi 12 za uyoga mkavu kwa siku, na hapo tunazungumzia uliochemshwa. Uyoga huu ni mgumu kama ubao, kuta za seli zake zina kitini, na tumbo la binadamu haliwezi kuumeng'enya vizuri. Maji ya moto ndiyo yanayotoa polisakaridi zake (sukari za mnyororo mrefu).

Namna ya kupika: gramu 10 za vipande vyembamba, unene milimita 2 au 3. Suuza haraka, kisha loweka kwenye maji baridi mililita 1,000 kwa saa 1. Maji ya kulowekea usimwage, humo humo ndimo utakapochemshia. Washa moto mkubwa mpaka yachemke, halafu punguza yatokote taratibu kwa saa 1 na nusu hadi 2, mfuniko ukiwa umeegeshwa, mpaka yabaki kama mililita 400. Chuja. Makapi yarudishie maji mililita 600, chemsha tena dakika 45. Changanya michujo yote miwili, kunywa mara 2 au 3 ndani ya siku hiyo. Kwenye friji hukaa siku 2, zaidi ya hapo mwaga.

Chombo kiwe chungu cha udongo, sufuria ya enameli au chuma cha pua. Sufuria za alumini ndizo zimejaa majikoni kwetu, lakini kwa mchemsho wa saa 2 hazifai, na chuma kitupu nacho hakifai kwa sababu hugeuza rangi na ladha ya dawa.

Yanayoharibika mara nyingi: watu huchemsha kipande kizima bila kukikata, au huacha moto mkubwa, maji yanakauka, chini inaungua, au huitengeneza kama chai ya dakika 10. Ya dakika 10 itakupa rangi nzuri na dawa kidogo sana.

Mchemsho wa mwekundu ulioiva ni mchungu kwelikweli, na uchungu huo unatokana na triterpeni. Wa zambarau una triterpeni chache, kwa hiyo huo usiukatae kwa kukosa uchungu.

---

Mkulima Uyoga #2

Mkuu umefungua vizuri. Niongeze upande wa shambani, maana ubora unaanzia huko.

Lingzhi wa daraja zuri huoteshwa kwenye magogo ya miti migumu yaliyokatwa mafupi, yakatiwa mifukoni, yakapikwa kwa mvuke, yakapandikizwa mbegu, na utando (nyuzi za uyoga) ukishatambaa gogo zima linafukiwa kwenye udongo chini ya kivuli. Longquan, mkoa wa Zhejiang, wanajulikana kwa kazi hiyo. Wa mifuko ya vumbi la mbao hukua haraka zaidi na kofia yake huwa nyembamba na nyepesi.

Huvunwa ule ukingo mweupe au wa njano wa kofia ukishapotea na kuwa na rangi moja na katikati. Hukatwa sehemu ya chini ya shina iliyoshika mbao au udongo, kisha hukaushwa kivulini au kwenye joto la nyuzi 40 hadi 50. Ukipandisha joto zaidi, nje inakauka ndani bado kuna maji, na baada ya wiki chache ukungu unatokea katikati.

Unaponunua, geuza kofia uangalie chini. Upande wa chini uwe mweupe wa maziwa au njano hafifu hadi kahawia nyepesi, una vitundu vidogo sana. Ukikuta matundu makubwa na vumbi linadondoka, mdudu ameshakula.

Jambo jingine: hewa ikiwa mbovu bandani, kabonidayoksaidi ikazidi asilimia 0.1, kofia haifunguki. Uyoga unatoka matawi matawi kama pembe za paa. Wapo wanaouotesha hivyo makusudi na kuuza ghali. Hapo kuna hatari kubwa, na nawaomba muisome taratibu: Japani na Korea kuna uyoga mwekundu wa porini, Podostroma cornu-damae, unaofanana sana na pembe changa za lingzhi. Una sumu ya trikothesini na umeua watu waliouchuma wakidhani ni reishi, wakauchemsha au kuuloweka kwenye pombe. Kuchemsha hakuondoi sumu hiyo.

---

BintiUnguja #3

Ahsanteni ndugu zangu. Swali: ule uyoga mgumu unaoota kwenye mashina ya miembe na minazi iliyozeeka huku kwetu, si ndio huo huo? Kuna watu wanausaga na kuuza.

---

Mkulima Uyoga #4

Dada, jenasi ni moja, Ganoderma, ila ndani yake kuna spishi nyingi, na zetu za Afrika Mashariki si zile mbili zilizoandikwa kwenye famakopia. Nyingi ya zinazoota kwenye mashina ya zamani hazina hata ule mng'ao wa vanishi juu, ni za kijivu au kahawia isiyong'aa. Kwa macho tu huwezi kuzitenganisha, hata wataalamu hutumia hadubini na vinasaba. Tena shina linalooza kando ya barabara hunyonya moshi na metali, na uyoga huvuta metali hizo kutoka humo. Anayesaga huo na kuuza kwa jina la lingzhi anauza kitu kingine.

---

Famasi_Bongo #5

Naweka suala la unga na vidonge, ndiko kwenye udanganyifu mwingi.

Kuna vitu vitatu tofauti vinavyouzwa kwa jina moja. Kwanza ni tunda la uyoga lililosagwa. Pili ni kimiminika cha mchemsho kilichokaushwa kuwa unga. Tatu ni utando ulioteshwa kwenye nafaka, kisha utando na nafaka vikasagwa pamoja kwa sababu havitenganishiki. Huo wa tatu sehemu kubwa ni wanga wa mchele au shayiri.

Lebo ikisema "polisakaridi asilimia 40", bado hujaambiwa kitu, kwa sababu wanga nao ni polisakaridi. Tafuta neno beta-glukani, ambayo ndiyo ya uyoga, na pembeni yake kiasi cha alfa-glukani, kundi ambalo wanga umo, ambacho kwa bidhaa safi kinatakiwa kiwe kidogo.

Jaribio la nyumbani: weka robo kijiko cha unga kwenye maji mililita 50, chemsha dakika 2, acha ipoe kabisa, dondosha iodini ya duka la dawa tone 1 au 2. Ikigeuka bluu nzito au nyeusi, kuna wanga mwingi. Lazima ipoe, kwa sababu kwenye maji ya moto rangi ya bluu haionekani na utadhani unga ni safi. Ujue pia mpaka wa jaribio hili: maltodekstrini, ambayo viwanda hutumia kujazia, mara nyingi haitoi bluu. Kwa hiyo bluu inathibitisha wanga, ila kukosa bluu hakuthibitishi usafi.

Spora (vumbi la mbegu za uyoga) nazo zinauzwa. Zina ganda gumu la tabaka mbili, ndiyo maana zinavunjwavunjwa kiwandani kwanza. Zikishavunjwa mafuta yake yanakutana na hewa na kuanza kuchacha, hivyo pakiti ikiwa na harufu ya mafuta ya zamani iache. Tena mgonjwa anayefuatiliwa saratani ya tumbo kwa kipimo cha damu cha CA72-4 amwambie daktari wake kama anakunywa spora, kwa sababu zinaweza kukipandisha kipimo hicho bila ugonjwa kuongezeka. Watu wamefanyiwa uchunguzi mwingi wa bure kwa hilo.

Na kuhusu ini: Thailand kuna mgonjwa aliyeripotiwa kwenye majarida ya tiba kuwa alifariki kwa ini kushindwa ghafla. Alikuwa amezoea kunywa lingzhi wa kuchemsha bila shida, akahamia kwenye unga mtupu. Kisa kimoja hakitoshi kutoa hukumu, lakini kinatosha kukufanya usimeze unga kwa vijiko.

---

Mwalimu Shengwu #6

Nashukuru kwa mchango wa ndugu mfamasia. Kwangu mimi uyoga uliotumika kuliko wote katika tiba ya Kichina si lingzhi, ni fuling. Hauna sura ya kupendeza, kwa hiyo hautangazwi, lakini umo kwenye michanganyiko mingi mno.

Fuling (Wolfiporia cocos) ni donge linalokua chini ya ardhi kwenye mizizi ya misonobari. Linaweza kuzidi uzito wa kilo kadhaa. Wa Yunnan ndio wenye sifa, na mwingi hutoka milima ya Dabie, kati ya Anhui na Hubei. Donge moja hutoa dawa zaidi ya moja: ganda jeusi la nje ni fuling pi, hutumika kwa uvimbe wa maji chini ya ngozi; nyama ya ndani nyeupe ndiyo bai fuling; na lile pande lenye mzizi wa msonobari umepita katikati ni fu shen, la kutuliza moyo na kuleta usingizi. Muuzaji asiyeweza kukuambia anauza lipi kati ya hayo, hajui anachouza.

Kabla ya kukaushwa, donge "hutolewa jasho". Yanarundikwa na kufunikwa mpaka unyevu utoke juu ya ganda, yanatandazwa ganda likauke, yanarundikwa tena, mara kadhaa mpaka ganda linakunjamana na maji mengi yametoka. Ukiruka hatua hiyo ukaanika juani moja kwa moja, nje inabana, ndani inapasuka na kuwa chengachenga.

Kipimo ni gramu 10 hadi 15. Glukani yake kuu haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo vipande vikubwa vya mraba hata ukichemsha saa nzima katikati hubaki pakavu na peupe kama ulivyopaweka. Kata vidogo au ponda. Waganga wa zamani walilijua hilo. Zhang Zhongjing, tabibu wa mwishoni mwa enzi ya Han, mchanganyiko wake wa Wuling San aliuacha uwe unga: zhuling (uyoga nitakaoueleza hapo chini), zexie na baizhu (mizizi dawa), fuling na vijiti vya mdalasini wa Kichina, kwa uwiano wa 3 : 5 : 3 : 3 : 2. Unanywewa na maji ya wali mara 3 kwa siku, kisha mgonjwa anywe maji ya uvuguvugu mengi mpaka atoke jasho. Mchanganyiko huo bado uko hai. Japani unaitwa goreisan, unatolewa hospitalini kwa chembechembe, na madaktari wa upasuaji wa ubongo huko huutumia kwa wagonjwa wenye damu iliyovilia polepole juu ya ubongo.

Kuutambua: tafuna kipande, kinanata kwenye meno. Na ile iodini ya Famasi_Bongo inafaa hapa pia, ila majibu ni mengine. Unga wa fuling halisi ukiwekewa tone la iodini hugeuka mwekundu mzito. Ukigeuka bluu, umeuziwa unga wa wanga uliofinyangwa.

Zhuling (Polyporus umbellatus) ni jamaa yake kwa matumizi, donge jeusi lenye vinundu, gramu 6 hadi 12, kazi yake ni kuondoa maji mwilini kwa nguvu kuliko fuling. Usimpe mtu ambaye amekaukiwa. Katika Zhuling Tang vitu vitano huwa sawa kwa uzito: zhuling, fuling, zexie, talki na ejiao. Vinne vinachemshwa na kuchujwa, ejiao inayeyushwa mwishoni kwenye mchujo wa moto. Ukiichemsha pamoja na vingine inashika chini na kuungua. Ejiao ndiyo ile gundi ya ngozi ya punda iliyoleta machinjio ya punda Kenya, na ambayo Umoja wa Afrika Februari 2024 ulipiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili yake. Punda wa watu wanaobebea maji waliibwa usiku na kuchunwa. Mimi sioni sababu ya mtu wa huku kuitafuta.

---

Nyota ya Iten #7

Mwalimu, heshima kwako. Na ule wa kiwavi? Huku kwetu kuna watu wanawauzia wakimbiaji vidonge wakisema ndivyo vilivyowapa Wachina rekodi.

---

Mwalimu Shengwu #8

Ndugu, hiyo hadithi ni ya 1993. Wanariadha wa kocha Ma Junren walivunja rekodi kwa mkupuo kwenye Michezo ya Taifa Beijing, mita 10,000 kwa 29:31.78, na kocha akasema siri ni damu ya kasa na uyoga wa kiwavi. Mwaka 2016 vyombo vya habari vya China vikachapisha barua iliyosemekana kuandikwa na wanariadha wenyewe 1995, ikieleza kwamba walilazimishwa kutumia dawa zilizokatazwa. Beatrice Chebet wenu alikimbia 28:54.14 pale Eugene Mei 2024. Anayeuza kidonge kwa hadithi ya 1993 hana hadithi nyingine.

Uyoga wenyewe: dongchong xiacao, Watibeti huuita yartsa gunbu. Kuvu (Ophiocordyceps sinensis) huingia kwenye kiwavi wa nondo aishiye ardhini, humuua, na majira ya kuchipua hutoa kijiti kirefu kichwani mwake. Hupatikana uwanda wa Tibet, Nepal, Bhutan na kaskazini mwa India, kwenye mwinuko wa mita 3,000 hadi 5,000. Daktari wa Kitibeti Zurkhar Nyamnyi Dorje aliuandika karne ya 15. Vitabu vya Kichina vinautaja 1694. Kijadi ni dawa ya figo na mapafu kwa mtu aliyechoshwa na ugonjwa, gramu 3 hadi 9, mara nyingi hupikwa ndani ya bata dume mzee kwa moto mdogo.

Halisi ina kiwavi cha sentimita 3 hadi 5, mwili wenye pete 20 hadi 30, na jozi 8 za miguu, ambazo jozi 4 za katikati ndizo zinazoonekana wazi. Hesabu miguu hiyo. Feki za unga uliofinyangwa huwa na pete zilizo sawa mno na miguu haipo au imechorwa. Kuna pia wanaochomeka waya wa risasi ndani ili kuongeza uzito. Vunja kimoja katikati: halisi huvunjika kwa wepesi, ndani ni njano hafifu hadi nyeupe.

Februari 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya China ilionya kwamba bidhaa za kiwavi hiki zina arseniki kati ya miligramu 4.4 na 9.9 kwa kilo, wakati kiwango cha juu cha vyakula vya afya ni 1.0. Hiyo ni kwa mwenye halisi, achilia mbali feki. Vidonge vya rangi ya chungwa vya bei nafuu ni Cordyceps militaris, unaooteshwa kwenye mchele. Ni uyoga halali, lakini ni dawa nyingine.

---

Famasi_Bongo #9

Kwa wanaouliza ushahidi wa hospitali, nitakuwa mfupi. Mapitio ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, kuhusu lingzhi na saratani, majaribio 5 yenye watu 373, yaliona hauwezi kuwa tiba ya kwanza. Unaweza kuandamana na tiba ya kawaida. Kwa kisukari na hatari za moyo, mapitio yao mengine hayakuona faida ya kuuunga mkono. Japani waliidhinisha 1977 dawa iitwayo Krestin kutoka uyoga wa mkia wa bata mzinga (Trametes versicolor), gramu 3 kwa siku pamoja na tiba ya saratani. Uzalishaji ulisitishwa 2017. Lentinani ya shiitake nayo iliidhinishwa huko, lakini ni sindano. Mchuzi wa shiitake ni chakula kizuri, haukupi lentinani ya sindano.

Shiitake mbichi au ambayo haijaiva huwatoa baadhi ya watu michirizi myekundu mgongoni na kifuani inayofanana na alama za mjeledi, siku 1 hadi 3 baada ya kula. Iive kabisa.

Wasiotakiwa kugusa bila daktari: anayetumia warfarin au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, aliyepandikizwa kiungo na yuko kwenye dawa za kushusha kinga, mwenye ini bovu, mjamzito. Anayesubiri upasuaji asimamishe wiki 2 kabla. Mgonjwa wa figo auache kabisa uyoga wa chaga wa Siberia: una oksaleti nyingi, na Japani mama wa miaka 72 aliharibikiwa figo baada ya kunywa unga wake vijiko vya chai 4 hadi 5 kila siku kwa miezi 6.

---

Lushois wa Kenia #10

Salama wote kutoka Lubumbashi. Hamjagusa masikio ya mti, na ndiyo rahisi kupatikana, hata huku porini yapo. Wachina wanasema yanasafisha damu; yanalowekwa masaa mangapi?

---

ChunguChaUdongo #11

Ndugu yetu wa Congo, swali lako limekuja wakati wake, maana huu unaonekana hauna madhara na kumbe umepeleka watu mochwari.

Masikio ya mti, mu'er, yakiwa makavu ni salama. Hatari iko kwenye kuloweka. Ukiyaacha kwenye maji ya uvuguvugu usiku kucha au siku mbili, bakteria aitwaye Burkholderia gladioli anaweza kuzaliana na kutengeneza asidi ya bongkreki. Sumu hiyo haina harufu wala ladha, na kuchemsha hakuiondoi. Ndiyo ile ile iliyokutwa kwenye pombe ya kienyeji ya Chitima, mkoa wa Tete, Msumbiji, Januari 2015, walipokufa watu 75.

Gramu 10 kavu zinatosha watu watatu, kwa sababu zinavimba mara nyingi. Tumia maji baridi safi, saa 1 hadi 2, isizidi 4. Kwenye joto la Lubumbashi au Dar weka bakuli ndani ya friji. Kata kitako kigumu chenye mbao, suuza, chemsha dakika 10, pika siku hiyo hiyo. Yakiteleza kama makamasi au maji yakiwa na povu, mwaga yote pamoja na maji, usijaribu kuyaokoa kwa kuyachemsha zaidi. Yaliyobaki bila kupikwa usiyarudishe kuloweka kesho.

Na hilo la kusafisha damu: mu'er hupunguza kushikamana kwa chembe sahani za damu, jambo ambalo madaktari wa Marekani waliliandika 1980. Kwa anayetumia warfarin au aspirini, sahani kubwa ya mu'er kila siku ni dozi juu ya dozi.

---

BintiUnguja #12

Yin'er, ile nyeupe ya kama ua, nayo hulowekwa vivyo hivyo?

---

ChunguChaUdongo #13

Ndiyo dada, muda ni ule ule na tahadhari ni ile ile. Chagua ya njano hafifu. Ile nyeupe pe huwa mara nyingi imefukizwa moshi wa kiberiti (salfa). Ukiinusa ikiwa kavu inakuwasha pua. Kata kitako cha njano, chana vipande vidogo, chemsha kwa moto mdogo saa 1 na nusu hadi 2 mpaka maji yawe mazito na ya utelezi, hapo ndipo imeiva. Kunazi za Kichina ziingie dakika 30 kabla ya kuipua, sukari ya mawe iingie mwisho. Ikigoma kutoa utelezi baada ya saa 2, ni ya zamani au vipande ni vikubwa mno.